Artemia hawakufa. Je, chembe zangu za fedha ni salama kwa samaki wa ziwani?

Binti mmoja anayesoma kemia mwaka wa tatu huko Mwanza ameniandikia hivi:

"Shikamoo Daktari. Mradi wangu wa mwisho ni chembe za nano, yaani ndogo mno, za madini ya fedha, nilizotengeneza kwa majani ya mwarobaini ili zipakwe kwenye bandeji za vidonda. Nilichemsha majani kwa maji ya kisima cha hosteli, nikachuja, nikachanganya mililita 10 za maji hayo na mililita 90 za naitreti ya fedha ya milimola 1 kwa lita. Rangi ikawa kahawia, na spektrofotometa ikaonyesha kilele kwenye nanomita 430. Kipimo cha eksirei cha kutambua fuwele kilitoa vilele vya fedha, pamoja na vingine kwenye digrii 27.8, 32.2 na 46.2 ambavyo nimeandika ni vya 'viambata vya mmea'. Bakteria walikufa kwenye duara la milimita 14 kuzunguka dawa. Kisha nikapima sumu kwa Artemia, wale viumbe wadogo wa maji ya chumvi. Nilichukua mililita 5 za mchanganyiko wangu nikaziweka kwenye mililita 5 za maji yenye gramu 38 za chumvi ya bahari kwa lita. Maji yakawa meupe, na kesho yake yalikuwa na rangi ya zambarau iliyofifia kuwa kijivu. Baada ya saa 24 walikuwa wamekufa 2 tu kati ya 30. Bandeji zikifuliwa, maji yake yataishia ziwani. Je, naweza kuandika kwamba chembe hizi ni salama kwa viumbe vya majini?"

Marahaba, binti yangu. Hapana, usiiandike sentensi hiyo. Lakini usitupe daftari lako, maana umeandika humo jambo ambalo wengi huliona na kulipita: maji yaligeuka meupe, kisha yakawa ya zambarau. Jibu la swali lako limo katika mstari huo mmoja.

Weupe ule ni kloraidi ya fedha. Ni mashapo yaleyale uliyoyaona sekondari ulipotafuta kloraidi kwenye chumvi isiyojulikana kwa kudondoshea naitreti ya fedha. Na zambarau ya kesho yake ni kazi ya mwanga. Kloraidi ya fedha ikipigwa na jua huachia punje ndogo mno za fedha tupu, rangi ikageuka zambarau, halafu kijivu. Karatasi za picha za zamani zilitumia tabia hiyohiyo. Kwa hiyo neli zako za majaribio zilikuonyesha mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, mchanganyiko wako ulikuwa bado na ioni za fedha, yaani fedha iliyoyeyuka majini, ambazo hazikuwa zimegeuka chembe, kwa sababu chembe zenyewe zikikutana na chumvi hujikusanya na kutuama zikiwa na rangi ya kijivu au nyeusi, hazitoi weupe kama wa maziwa. La pili, ioni hizo ziliondolewa majini mbele ya macho yako kabla Artemia hajaguswa nazo vya kutosha.

Tupige hesabu, ili usinichukulie kwa maneno tu. Milimola 1 ya fedha kwa lita ni miligramu 108. Uliichanganya 90 kwa 10, kwa hiyo ulikuwa na miligramu 97, na ulipoigawa nusu kwa maji ya chumvi zikabaki kama 49. Kwenye maji hayohayo kulikuwa na takriban gramu 10 za kloraidi kwa lita, yaani karibu mola 0.3. Kizidisho cha umumunyifu wa kloraidi ya fedha, yaani mola za ioni za fedha zikizidishwa kwa mola za kloraidi maji yanaposhiba, ni 1.8 × 10⁻¹⁰. Gawanya kwa 0.3, utaona kwamba ioni huru za fedha zinazoweza kubaki kwenye maji ya namna hiyo ni karibu sehemu moja ya kumi ya mikrogramu kwa lita. Dozi yako ilikuwa na jumla ya mikrogramu 49,000. Kuna fedha nyingine inayobaki majini ikiwa imeshikana na kloraidi mbili au tatu kwa pamoja, na hiyo si kidogo sana, lakini ile ioni huru ambayo tunaijua kwa ukali wake ilikuwa imetoweka.

Sasa rudi kwenye eksirei yako, maana hapo kuna kosa lenye mzizi uleule. Fedha halisi hutoa vilele kwenye digrii 38.1, 44.3, 64.4 na 77.4. Vilele vyako vya 27.8, 32.2 na 46.2 si vya "viambata vya mmea". Ni vya kloraidi ya fedha, vitatu vyake vya kwanza vyenye nguvu, na vimekaa panapotakiwa bila kusogea. Makala nyingi sana zinazotengeneza fedha kwa majani zina vilele hivyohivyo, na waandishi wake wameviita vitu vya mmea, mmoja akimnukuu mwenzake. Usijilaumu kwa kuwafuata, ila usiwafuate tena. Viambata vya mmea kama tanini na sukari havina mpangilio wa fuwele wa kutoa vilele vyembamba namna hiyo.

Kloraidi hiyo imetoka wapi? Majani yenyewe yanayo, na maji ya kisima yanayo zaidi. Tuseme kisima chenu kina miligramu 100 za kloraidi kwa lita, kiasi ambacho mtu anakunywa bila kuhisi chumvi. Katika mililita 10 ulizotumia, hiyo inatosha kugeuza karibu theluthi moja ya fedha yako yote kuwa kloraidi ya fedha. Umeingia maabara ukidhani una kitu kimoja, kumbe kwenye chupa yako vipo vitatu: chembe za fedha, chembe za kloraidi ya fedha, na naitreti iliyobaki. Kila kipimo ulichofanya baada ya hapo kimepima mchanganyiko wa hivyo vitatu.

Niseme neno juu ya Artemia, kwa sababu sitaki ufikiri kipimo hicho hakina maana. Kilianza kupendekezwa miaka ya 1950, na mwaka 1982 timu ya watafiti wa Marekani ikakiweka katika sura tunayoitumia leo kwa ajili ya kuchuja dawa za mimea. Mtu ana madondoo 40, yaani dawa zilizokamuliwa kwenye mizizi 40 tofauti, hana pesa za kupima kila moja kwenye seli za saratani, anataka kujua lipi lina nguvu. Anaangua mayai ya Artemia usiku, kesho yake anahesabu waliokufa. Kwa kazi hiyo ni kipimo kizuri na cha bei nafuu, na maabara za dawa za asili za Afrika Mashariki zimekitumia kwa miaka mingi. Katika kazi hiyo, Artemia akifa ndiyo habari njema, maana yake dondoo lina kitu ndani yake. Wewe umekigeuza. Umechukua kipimo cha kutafuta nguvu ukakitumia kuthibitisha usalama, na Artemia ni shahidi mbaya wa usalama. Ni kiumbe cha mabwawa ya chumvi, aliyezoea maji ambayo yangemuua karibu kila mnyama mwingine. Wale waliopandikizwa kwenye mashamba ya chumvi ya pwani ya kaskazini mwa Kenya miaka ya 1980 asili yao ni Marekani, ambako jamaa zao wamejaa Great Salt Lake, ziwa la chumvi kali. Kiumbe aliyeumbwa kwa ajili ya ziwa kama lile hawezi kumsemea sato.

Kuna na jambo la umri wake. Artemia aliyetoka kwenye yai hana mdomo uliofunguka. Anaishi kwa kiini alichotoka nacho, na huanza kula chembe majini baada ya kujivua gamba mara ya kwanza, saa kadhaa baadaye. Ukiwaweka mara tu walipoanguliwa, saa za mwanzo za zile 24 wanaogelea katikati ya chembe bila kumeza hata moja.

Sasa twende ziwani, kwa sababu huko ndiko swali lako lilikoelekea, na nimefurahi kwamba umelifikiria. Samaki wa maji baridi anaishi kwenye maji yasiyo na chumvi ya kutosha, na damu yake ina chumvi nyingi kuliko maji yanayomzunguka. Kila dakika sodiamu inamvuja kupitia matamvua, na kila dakika matamvua yanaifukuzia na kuirudisha ndani kwa pampu inayotumia nguvu, kimeng'enya kiitwacho Na⁺/K⁺-ATPase. Ioni ya fedha inaingia kwa njia ileile ya sodiamu, inaifikia pampu na kuikaba. Samaki anaendelea kuvuja lakini hawezi tena kujaza. Chumvi ya damu inashuka, maji yanahama kutoka kwenye damu kwenda kwenye tishu, damu inakuwa nzito, moyo unaelemewa. Hayo yamechunguzwa kwa undani kwa samaki aina ya trauti. Viroboto maji, yaani Daphnia na jamaa zake, wanakufa kwa njia inayofanana, na mapema zaidi kwa kuwa ni wadogo na sodiamu yao inazunguka haraka.

Dozi zenyewe ni ndogo kiasi cha kushangaza. Shirika la mazingira la Marekani limeweka kikomo cha fedha iliyoyeyuka kwenye maji baridi, kwa mguso wa muda mfupi, kuwa mikrogramu 3.2 kwa lita pale ugumu wa maji ukiwa miligramu 100 kwa lita, na maji yakiwa laini zaidi kikomo kinashuka. Dozi uliyoiita salama ni zaidi ya mara 15,000 ya hapo.

Utaniuliza: je, kloraidi ya ziwani haitaikamata fedha kama ilivyofanya kwenye neli? Haitaikamata. Maji ya Ziwa Victoria ni laini na yana kloraidi miligramu chache tu kwa lita. Chukua miligramu 5, upige hesabu ileile: fedha inaweza kupanda hadi mikrogramu kama 140 kwa lita kabla punje ya kwanza ya kloraidi ya fedha haijatuama. Yaani fedha inaweza kukaa majini ikiwa ioni kwa kiasi kinachopita mara 40 kile kikomo, na kloraidi isifanye lolote. Ulichokipima kwenye maji ya chumvi kinakaribia kuwa kinyume cha kitakachotokea kwenye fukwe za Kirumba au Igombe.

Kwa haki niseme ziwa lina ulinzi mwingine. Mabaki ya mimea yaliyooza majini huishika fedha, na palipo na salfaidi, kama kwenye matope na majitaka, fedha hugeuka salfaidi ya fedha, ambayo haiyeyuki kwa urahisi wowote. Fedha ya nano ikipita kwenye mtambo mzuri wa majitaka, nyingi yake hutoka ikiwa salfaidi iliyonasa kwenye tope. Basi sikuambii kwamba bandeji moja itaua furu wa ghuba nzima. Lakini tuseme bandeji ina miligramu 10 za fedha na yote ikatoka ilipofuliwa. Ili kuishusha hadi kile kikomo cha 3.2 unahitaji lita zaidi ya 3,000 za maji safi, matangi matatu ya yale ya juu ya nyumba, kwa bandeji moja. Ikifuliwa kwenye beseni na maji yakamwagwa kwenye mfereji unaoingia ufukweni, matangi hayo hayapo.

Wala usikimbilie upande wa pili ukaandika kwamba baharini hakuna tatizo. Kusini mwa ghuba ya San Francisco, karibu na Palo Alto, mabaki ya fedha yalifika kupitia majitaka miaka ya 1970, mengi yakihusishwa na kazi za picha. Chaza wadogo wa matope walibeba fedha nyingi mwilini, na uzazi wao ulikuwa umeharibika. Mtambo wa majitaka ulipoboreshwa na fedha kupungua miaka iliyofuata, walianza kuzaa tena. Yale ni maji ya mlango wa bahari, yana kloraidi tele. Chumvi iliikamata fedha kama ioni huru, lakini chaza anakula matope, na ile fedha iliyoshikana na kloraidi nayo inapita mwilini mwake. Chumvi ilibadilisha njia ya sumu, na aliyeumia akawa mwingine.

Kuna sentensi nyingine kwenye maelezo uliyoniambatishia ambayo imenisumbua zaidi. Umeandika kwamba kwa kuwa umetumia mwarobaini badala ya kemikali za dukani, chembe zako ni "za kijani na rafiki kwa mazingira". Mwanangu, waulize wazee wavuvi juu ya utupa. Majani yake yanapondwa yanatiwa kwenye kidimbwi, na baada ya muda samaki wanaelea matumbo juu. Ndani ya utupa kuna rotenoni, inayozima upumuaji ndani ya seli, na inaingia kwa samaki kupitia matamvua kwa wepesi kuliko inavyoingia kwa binadamu anayekuja kumla samaki huyo. Ni mmea safi kabisa wa asili. Na Ethiopia mwaka 1964, kijana mtafiti Aklilu Lemma aliona karibu na Adwa konokono wa kichocho wamekufa kwenye mto, chini kidogo ya mahali watu walipokuwa wakifua nguo kwa matunda ya endodi. Ugunduzi huo ulimpa heshima kubwa duniani kwa sababu konokono hao hubeba kichocho. Lakini povu lilelile la endodi linaua na samaki, na suala hilo lilifuatilia dawa hiyo kwa miaka. Kufua nguo mtoni, tazama. Ndilo swali lako.

Mwarobaini wenyewe si mnyonge. Una azadiraktini, inayovuruga homoni ya kujivua gamba kwa wadudu. Viroboto maji, kamba na kaa nao hujivua gamba kwa homoni za ukoo huohuo. Kwa hiyo ukipima chembe zako kwa viroboto maji wakafa, hutajua ni fedha au ni majani, mpaka uwe umepima majani peke yake.

Sasa kazi. Una muda gani kabla ya kuwasilisha? Ikiwa ni wiki sita, zinatosha.

Anza kwa kutengeneza upya. Osha majani kwa maji yaliyotoneshwa, uyachemshe kwa hayohayo, usitumie tone la maji ya kisima popote, hata kwenye kuosha bika. Tengeneza, kisha zungusha kwenye sentrifuji, mwaga maji ya juu, rudishia maji yaliyotoneshwa, zungusha tena, mara tatu. Maji ya mwisho ya kuosha yachukue kidogo, tia punje chache za chumvi ya jikoni. Yakibaki maangavu, naitreti imeisha. Yakifanya ukungu, osha tena. Hiki ni kipimo cha shilingi sifuri, na kingekuokolea mwezi mzima. Usikaushe chembe kuwa unga, zikikauka zinashikana na hutazitenganisha tena. Kisha rudia eksirei. Vilele vitatu vya kloraidi vikipungua sana, tuko pazuri. Vikibaki vidogo, ni kloraidi ya majani yenyewe, uiandike wazi kwamba ipo.

Kisha tafuta kiumbe wa maji baridi. Usiagize Daphnia magna wa Ulaya kwa bei ya kuumiza. Nenda kwa mtu anayezalisha vifaranga vya kambale, umuulize vijidudu anavyowalisha vifaranga siku za mwanzo. Mara nyingi utakuta ni Moina, jamaa wa karibu wa Daphnia, wanaozaana kwa siku chache kwenye ndoo ya maji ya kijani. Wafuge maabara kwa wiki mbili hivi, mpaka uwe na majike yanayozaa kila mara, na utumie watoto wasiozidi saa 24. Taratibu za kimataifa za kipimo hiki zinataka wanyama 20 kwa kila dozi, watano watano kwenye vyombo vinne, saa 48 bila chakula, na unahesabu wasioogelea ndani ya sekunde 15 baada ya kutikisa chombo taratibu. Kwenye chombo kisicho na dawa, wakizidi asilimia 10 walioshindwa kuogelea, jaribio zima halihesabiki.

Hapa ndipo hata watu wazima wa fani huteleza: maji ya kipimo. Maji ya kawaida ya viroboto maji yanaandaliwa kwa kloraidi ya kalsiamu (ile yenye molekuli mbili za maji kwenye fuwele), miligramu 294 kwa lita. Hiyo pekee inaleta karibu miligramu 140 za kloraidi, na kwenye maji hayo kloraidi ya fedha inaanza kutuama fedha ikifika mikrogramu 5 tu kwa lita. Utarudi palepale ulipotoka, safari hii bila kuona weupe, maana ni kidogo mno kwa jicho. Weka naitreti ya kalsiamu badala yake, kalsiamu ikiwa kiasi kilekile. Kisha fanya seti ya pili kwa maji ya ziwa yaliyochujwa, uliyochota mbali kidogo na ufukwe. Tofauti kati ya seti hizo mbili ndiyo itakayokuambia ziwa linalinda kiasi gani. Kama ningepewa kuchagua grafu moja tu ya ripoti yako, ningechagua hiyo.

Dozi zako zianzie chini: mikrogramu 1, 3.2, 10, 32 na 100 za fedha kwa lita. Namaanisha mikrogramu kwa lita, si kwa mililita. Tofauti hiyo ya mara elfu imeharibu ripoti nyingi nilizosahihisha. Sambamba na chembe, pima naitreti ya fedha yenye fedha kiasi hichohicho, pima dondoo la majani peke yake kwa uwiano uleule, na pima maji ya juu yaliyotoka kwenye sentrifuji. Chembe zikiua sawasawa na naitreti, yaelekea kinachoua ni ioni zinazoyeyuka kutoka kwenye chembe. Mara nyingi utaona chembe ni pole kuliko naitreti kwa kiasi kilekile cha fedha, na hilo ni tokeo zuri la kuandika. Fedha hupenda kunata kwenye kuta za vyombo, kwa hiyo dozi uliyoiandika kwa kalamu siyo iliyomo majini. Omba msimamizi akutafutie nafasi kwenye mashine ya kupima metali yenye tanuru ya grafiti, upime walau dozi mbili mwanzoni na mwishoni. Ile ya moto wa kawaida haioni vizuri viwango vya chini kama hivi.

Samaki waache kwa sasa. Najua vifaranga vya sato vinapatikana na vinapendeza kwenye picha za ripoti, lakini ni wanyama wenye uti wa mgongo, unahitaji kibali cha kamati ya maadili, na kuwaua ili kujibu swali ambalo Moina atalijibu si haki kwao.

Kuhusu bakteria nitakuwa mfupi. Duara la milimita 14 kwa mchanganyiko usiooshwa huenda ni la naitreti iliyobaki. Chembe hazisafiri vizuri ndani ya jeli ya kukuzia bakteria. Kinachosafiri ni ioni. Rudia kwa chembe zilizooshwa, kwenye mchuzi wa kukuzia bakteria, utafute dozi ndogo inayozuia ukuaji, ukijua kwamba mchuzi huo nao una kloraidi na protini zinazokamata fedha. Halafu weka namba hiyo kando ya namba ya Moina. Fedha kwenye vidonda si jambo geni, krimu ya fedha na sulfadiazini imetibu vidonda vya moto tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na sina shaka kwamba bandeji yako inaweza kufanya kazi. Swali ni umbali kati ya dozi inayozuia bakteria na dozi inayoua kiroboto maji. Ukiona ya pili iko chini mno ya ya kwanza, fikiria namna ya kuifunga fedha kwenye kitambaa isitoke wakati wa kufua, au bandeji iwe ya kutumika mara moja na kuchomwa pamoja na taka za hospitali.

Matokeo yako ya sasa usiyafute. Yaandike hivi: katika maji yenye takriban gramu 10 za kloraidi kwa lita, mchanganyiko ambao haukuoshwa, wenye jumla ya fedha isiyozidi miligramu 49 kwa lita, uliua Artemia 2 kati ya 30 kwa saa 24; mashapo meupe yalionekana tangu mwanzo; matokeo haya hayahusu maji baridi. Mtahini mwenye busara akisoma hivyo atakuheshimu kuliko angesoma neno "salama". Na hakikisha chombo chako kisicho na dawa kilikuwa na chumvi nusu kama vile vingine, maana ulipoweka mililita 5 za mchanganyiko uliipunguza chumvi. Kama kilibaki na gramu 38, liseme hilo pia.

La mwisho ni usalama wako na wa sinki. Ukitaka kuhakikisha kwamba mashapo meupe ni kloraidi ya fedha, utasoma kwamba huyeyuka kwenye amonia hafifu. Ni kweli, fanya kwa matone machache tu, na papo hapo mwagia asidi hafifu ya haidrokloriki. Usiache kamwe fedha na amonia vikae kwenye chupa hadi kesho. Vikikaa au vikikauka vinaweza kuunda kitu kinacholipuka kwa kuguswa. Na mabaki yako yote ya fedha, pamoja na maji ya kuoshea, yakusanye kwenye ndoo moja yenye kifuniko. Tia chumvi ya jikoni mpaka usione tena ukungu mpya, acha vitulie siku mbili, mashapo umkabidhi fundi wa maabara yakiwa na lebo. Kloraidi iliyokuvuruga kwenye jaribio ndiyo itakayokusaidia hapo.

Grafu mpya ya eksirei ikitoka, nitumie hata kabla hujaanza na Moina. Nitaitazama kwanza pale kwenye digrii 32.2.